Safari ya Ndege Inapofutwa: Abiria Anavyoweza Kudai Nauli Yake

ABIRIA anapofika uwanja wa ndege na kukuta safari yake imefutwa, jambo la kwanza linalomjia akilini si sheria. Humkumbuka mgonjwa aliyepangiwa kuonwa na daktari Muhimbili kesho yake, mzigo unaomsubiri Guangzhou, usaili wa kazi au mazishi yasiyoweza kusogezwa mbele. Akiwa katika hali hiyo, amesimama kwenye foleni ndefu mbele ya kaunta ya shirika, hupewa karatasi ya kusaini au hutumiwa ujumbe wenye kiungo cha kubonyeza kwenye simu, naye huchagua kwa haraka kile kinachoonekana kuwa karibu. Wiki kadhaa baadaye, anapotaka kurejeshewa fedha zake, huambiwa kwamba siku ile alikubali vocha.

Hivyo ndivyo madai ya nauli yanavyoweza kukwama kabla hata hayajaanza. Kwa mtu aliyekusanya fedha za tiketi kwa miezi, au aliyechangiwa na ndugu ili ampeleke mzazi hospitali, fedha hizo kukaa miezi mingine kwenye akaunti ya shirika si usumbufu mdogo.

Suala hili linagusa Watanzania wengi zaidi kuliko ilivyokuwa zamani. Tangu Serikali ilipoanza kununua ndege mpya za Shirika la Ndege Tanzania (ATCL) mwaka 2016, na Jengo la Tatu la Abiria la Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere lilipozinduliwa tarehe 1 Agosti 2019 likiwa na uwezo wa kuhudumia abiria milioni sita kwa mwaka, ndege imekuwa usafiri wa kawaida kwa mfanyabiashara, mwanafunzi na mgonjwa wa rufaa. Safari zinapoongezeka, na zile zinazofutwa huwagusa watu wengi zaidi. Makala hii inaeleza haki ya abiria ni ipi, fedha zake huwa wapi na ni njia gani za kuzidai.

Nauli ni deni, fidia ni jambo jingine

Tiketi ya ndege ni mkataba. Abiria hulipa kwanza na shirika hutoa huduma baadaye, wakati mwingine baada ya miezi sita. Katika kipindi chote hicho shirika hushika fedha za abiria kwa ahadi ya kumsafirisha. Ahadi isipotimizwa, hakuna tena sababu ya fedha hizo kubaki mikononi mwa aliyeshindwa kuitimiza. Msingi huo umo katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345 ya Sheria za Tanzania. Kifungu cha 65 kinamtaka mtu aliyepokea manufaa chini ya mkataba ambao baadaye umekuwa batili kuyarejesha au kumlipa aliyeyatoa. Kifungu cha 73 kinampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kulipwa hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji huo.

Vifungu hivyo vinasaidia kutenganisha mambo mawili ambayo abiria huyachanganya, na wakati mwingine hata ofisa wa kaunta huyachanganya. La kwanza ni kurejeshewa nauli: abiria hakusafirishwa, hivyo arudishiwe alicholipa. La pili ni fidia: abiria amepata hasara nyingine kwa sababu ya kutosafiri, hivyo alipwe hasara hiyo. Katika fidia, swali la nani mwenye kosa ni la msingi. Katika nauli, swali hilo halina uzito.

Chukulia upepo mkali kama ule ulioambatana na Kimbunga Hidaya cha Mei 2024, ukazuia ndege ndogo kutua Mafia. Shirika halikuuleta upepo huo, na halitegemewi kumlipa abiria gharama ya chumba cha hoteli alichokuwa amekilipia kisiwani. Hata hivyo, nauli ya safari ambayo haikufanyika inabaki kuwa fedha ya abiria. Jibu la "ni hali ya hewa" linatosha kwa anayedai fidia. Kwa anayedai nauli yake, halijibu kitu.

Hapa ndipo yanapojitokeza maneno yanayowakatisha tamaa abiria wengi: "tiketi yako ni ya bei nafuu, hairejeshwi." Ni kweli kwamba zipo tiketi ambazo masharti yake hayaruhusu marejesho, na ndiyo sababu huuzwa kwa bei ya chini. Masharti hayo, hata hivyo, yamewekwa kwa ajili ya abiria anayebadili mawazo. Aliyenunua tiketi ya namna hiyo kisha akaamua kutosafiri hupoteza nauli, au sehemu kubwa ya nauli, kwa sababu shirika lilimwekea kiti na ndege ikaruka. Shirika linapofuta safari lenyewe, aliyebadili mawazo si abiria.

Kutokana na tofauti hiyo, swali la nani aliyefuta kwanza lina thamani ya nauli nzima. Abiria akisikia tetesi kwamba safari ya wiki ijayo huenda isifanyike, akaingia kwenye tovuti ya shirika na kubonyeza sehemu ya kufuta tiketi yake, mfumo utamrekodi yeye kuwa ndiye aliyejiondoa. Siku mbili baadaye shirika likitangaza kwamba safari hiyo imefutwa, itakuwa vigumu kwake kupata alichokiacha. Busara ni kusubiri tangazo la shirika lenyewe, na likitoka kulihifadhi: ujumbe mfupi, barua pepe au picha ya ubao wa matangazo wa uwanjani unaoonesha namba ya safari, tarehe na neno linalosema kuwa imefutwa.

Dakika chache za kaunta

Baada ya safari kufutwa, shirika kwa kawaida huwa na mambo matatu ya kumpa abiria: safari nyingine ya kumfikisha anakokwenda, vocha ya kutumia siku za mbele, au marejesho ya fedha. Mawili ya kwanza ndiyo yanayotajwa mapema, na sababu yake si ngumu kuiona, kwani yote mawili huiacha fedha ndani ya shirika. La tatu mara nyingi hungoja kuulizwa.

Vocha si kitu kibaya. Kwa mfanyabiashara anayekwenda Dubai kila baada ya miezi miwili, vocha yenye nyongeza ya thamani huweza kumfaa kuliko fedha taslimu. Tatizo ni kuipokea bila kusoma masharti yake. Vocha ina tarehe ya mwisho wa matumizi. Nyingi hutumika kwa jina la mtu mmoja tu, hivyo mama aliyepewa vocha hawezi kumkatia mwanawe tiketi. Nauli ikiwa imepanda siku anapotaka kuitumia, tofauti huongezwa na yeye mwenyewe, na nauli ikiwa chini, si kila shirika hurejesha kilichobaki. Zaidi ya yote, anayesaini kuipokea huwa amekubali kwamba deni lake limelipwa kwa njia hiyo.

Dunia iliona jambo hili kwa upana mwaka 2020. Nchi nyingi zilifunga anga zao kwa sababu ya janga la Uviko-19, Tanzania nayo ikasitisha safari za kimataifa za abiria mwezi Aprili na kuzifungua tena tarehe 18 Mei mwaka huo. Mashirika mengi duniani, yakiwa hayana mapato, yalitoa vocha badala ya fedha. Kamisheni ya Ulaya ilisisitiza wakati huo kwamba vocha ni hiari ya abiria, na kwamba asiyeitaka anabaki na haki ya kulipwa fedha zake. Ugumu wa shirika ulikuwa wa kweli, lakini haukugeuza nauli ya abiria kuwa mkopo ambao hakukubali kuutoa.

Abiria anayetaka fedha anapaswa kulisema hilo waziwazi na kwa maandishi: kwamba hachukui vocha, hachukui tarehe nyingine, anaomba kurejeshewa nauli kwa njia aliyolipia. Kama mfumo wa simu una vitufe viwili tu na hakuna kimojawapo kinachotaja fedha, asibonyeze chochote. Atume barua pepe siku hiyo hiyo.

Lakini fedha nazo zina gharama yake, na ni vema hili likaelezwa bila kuficha. Abiria anayechagua kurejeshewa nauli humaliza mkataba wake na shirika. Kuanzia hapo, wajibu wa kumfikisha anakokwenda, na mara nyingi wajibu wa kumlisha na kumlaza wakati anasubiri, huisha. Atakwenda kununua tiketi nyingine kwa bei ya siku hiyo, ambayo huweza kuwa mara mbili ya ile aliyolipa miezi mitatu iliyopita. Kwa mtu ambaye ni lazima asafiri, kama mgonjwa mwenye miadi au mwanafunzi anayeripoti chuoni, kuomba apangiwe safari nyingine mapema iwezekanavyo, ikiwamo ndege ya shirika jingine, huwa ni uamuzi bora kuliko kukimbilia fedha. Kurejeshewa nauli kunamfaa zaidi yule ambaye sababu ya safari yake imekwisha: mkutano umepita, mazishi yamefanyika, au amepata njia nyingine ya kufika.

Kabla ya kuondoka kaunta, aombe sababu ya kufutwa kwa safari kwa maandishi, hata kama ni mistari miwili yenye muhuri. Sababu hiyo haitabadili haki yake ya nauli, ila itamsaidia iwapo atadai fidia. Atunze pia risiti za chakula, teksi na malazi, kwa maana hasara isiyo na risiti ni vigumu kuithibitisha mbele ya mtu yeyote.

Fedha zinapita wapi

Sheria huweza kuwa upande wa abiria, na bado fedha zikachelewa kwa sababu hajui ziko kwa nani. Jibu linategemea namna alivyolipa.

Aliyelipa moja kwa moja kwa shirika, katika ofisi zake au kwenye tovuti yake, ana njia fupi. Mashirika hurejesha fedha kwa njia ile ile iliyotumika kulipa: kadi ya benki hurudishiwa kadi, na malipo ya simu hurudi kwenye namba iliyolipa. Kwa hiyo aliyelipa kwa simu asiifunge laini hiyo kabla fedha hazijafika. Aliyebadilisha kadi ya benki naye aijulishe benki yake mapema.

Aliyenunua kupitia wakala wa tiketi ana njia ndefu zaidi. Wakala aliyesajiliwa na Chama cha Kimataifa cha Usafirishaji wa Anga (IATA) huwasilisha mauzo yake kwa mashirika kupitia mfumo wa pamoja wa malipo wa chama hicho, na marejesho hurudi kwa mfumo huo huo: kutoka shirika kwenda kwa wakala, kisha kwa abiria. Ndiyo maana ofisa wa shirika humwambia abiria "nenda kwa wakala wako", na wakala humwambia "tunasubiri shirika". Wote wawili huweza kuwa wanasema kweli. Njia ya kukata mzunguko huo ni kumtaka wakala aoneshe tarehe aliyowasilisha ombi la marejesho pamoja na namba ya kumbukumbu ya ombi hilo, kisha kuliuliza shirika kwa namba hiyo. Kama hakuna namba, ombi huenda halijawasilishwa. Ikumbukwe pia kwamba ada ya huduma ya wakala ni malipo ya kazi yake mwenyewe, na si lazima irudi pamoja na nauli.

Uangalifu mkubwa zaidi unahitajika kwa tiketi zinazonunuliwa kupitia mtu binafsi. Ni jambo la kawaida mijini: mtu mwenye kadi ya benki huwakatia wenzake tiketi mtandaoni, wao wakampa fedha mkononi au kwa simu. Safari ikifutwa, shirika litarudisha fedha kwenye kadi ya mtu huyo, si kwa abiria. Kwa upande wa shirika, deni limekwisha. Abiria anabaki kumdai mtu ambaye huenda hana hata risiti aliyomwandikia. Vivyo hivyo kwa makundi yanayosafiri kwa hija, umra au ziara kupitia taasisi iliyokusanya michango. Huko mkataba wa msafiri uko kwanza na taasisi hiyo, na stakabadhi yake ndiyo silaha yake.

Nyaraka zenyewe si nyingi. Tiketi ya kielektroniki ina namba ya tarakimu 13, na tarakimu tatu za mwanzo hutambulisha shirika lililoitoa: 197 ni ATCL, 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian Airlines, 176 ni Emirates. Namba hiyo ni tofauti na ile ya nafasi ya safari yenye herufi na tarakimu sita, ambayo huweza kupotea kwenye mfumo baada ya safari kufutwa. Anayedai atumie namba ya tiketi. Tarakimu hizo tatu zina faida nyingine: safari iliyouzwa na shirika moja huweza kurushwa na ndege ya shirika jingine, na ombi la nauli huanzia kwa shirika lililotoa tiketi.

Safari za nje ya nchi

Kwa safari za kimataifa, Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ulioanza kutumika tarehe 4 Novemba 2003. Mkataba huo hauweki utaratibu wa kurejesha nauli ya safari ambayo haikufanyika kabisa, hivyo nauli hudaiwa kwa masharti ya tiketi na sheria za nchi. Unachosimamia ni hasara inayotokana na abiria kucheleweshwa. Shirika huwajibika kwa hasara hiyo isipokuwa likithibitisha kwamba lenyewe na watumishi wake walichukua hatua zote zilizostahili kuizuia, au kwamba hazikuwezekana kuchukuliwa. Ukomo wa wajibu huo, uliopandishwa tarehe 28 Desemba 2024, ni 6,303 kwa kila abiria katika kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa kiitwacho SDR, sawa na zaidi ya dola 8,000 za Marekani. Hicho ni kikomo cha juu tu. Kinacholipwa ni hasara iliyothibitishwa.

Jambo moja katika mkataba huo linastahili kufahamika na kila anayeanzia safari mikoani. Safari huhesabiwa kuwa ya kimataifa kwa kuangalia mwanzo na mwisho uliokubaliwa. Abiria mwenye tiketi moja ya Mwanza, Dar es Salaam hadi Dubai yuko kwenye safari ya kimataifa tangu anapoondoka Mwanza. Kipande cha Mwanza kikifutwa, shirika lililomuuzia safari nzima linawajibika kwa safari nzima. Aliyenunua tiketi mbili tofauti ili kuokoa fedha kidogo hana kinga hiyo. Ndege ya Mwanza ikifutwa, atarejeshewa nauli ya Mwanza hadi Dar es Salaam peke yake, na shirika la pili litamhesabu kuwa hakutokea. Akiba ya shilingi elfu hamsini huweza kumgharimu milioni mbili.

Kwa wanaokwenda au kutoka Ulaya, Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 inatoa ulinzi mpana. Inahusu safari yoyote inayoanzia katika nchi za Umoja huo, na safari inayokwenda huko ikiwa ndege ni ya shirika la Ulaya. Hivyo abiria wa KLM anayetoka Kilimanjaro kwenda Amsterdam amo ndani ya kanuni hiyo. Anayesafiri njia hiyo hiyo kwa shirika la Ghuba au la Afrika hayumo wakati wa kwenda, lakini anaingia wakati wa kurudi. Safari ikifutwa na abiria akachagua fedha, anapaswa kulipwa ndani ya siku saba, na vocha hutolewa kwa idhini yake iliyosainiwa. Juu ya nauli kuna fidia ya euro 250, 400 au 600 kutegemea umbali, iwapo hakuarifiwa walau wiki mbili kabla na sababu haikuwa ya dharura isiyozuilika. Desemba 2008 Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika shauri dhidi ya Alitalia, kwamba ubovu wa kawaida wa ndege hauhesabiwi kuwa dharura ya namna hiyo. Uingereza ilibaki na kanuni zinazofanana baada ya kujitoa katika Umoja huo.

Marekani nayo ina kanuni zilizoanza kutumika Oktoba 2024 kwa safari zinazoingia na kutoka nchini humo. Safari ikifutwa na abiria asikubali mbadala, shirika hurejesha fedha lenyewe ndani ya siku saba za kazi kwa aliyelipa kwa kadi ya mkopo, na siku 20 kwa njia nyingine.

Shirika lisipojibu

Madai huanzia kwa shirika, kwa maandishi. Barua haihitaji lugha ya kisheria wala ukali. Inatosha itaje jina kama lilivyo kwenye hati ya kusafiria au kitambulisho, namba ya tiketi, namba na tarehe ya safari iliyofutwa, kiasi kilicholipwa na njia ya malipo, kisha ombi lenyewe: kurejeshewa nauli yote pamoja na tozo na ada zilizolipiwa safari hiyo. Iambatishwe nakala ya tiketi, risiti na tangazo la kufutwa. Barua iweke siku ya kutegemea jibu, na abiria abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa au barua pepe inayoonesha tarehe.

Jibu lisipokuja, au likija halitoshelezi, ngazi inayofuata ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), inayosimamia watoa huduma za usafiri wa anga chini ya Sheria ya Usafiri wa Anga, Sura ya 80. Makao yake makuu yako Banana, Ukonga, jijini Dar es Salaam. Kwa kuwa usafiri wa anga ni jambo la Muungano, abiria wa Unguja na Pemba nao hupeleka malalamiko yao kwa Mamlaka hiyo hiyo. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, chombo kilichoundwa kisheria ili kuwa sauti ya abiria, na ambalo humsaidia asiyejua aanzie wapi. Asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Vyombo vyote hivi vitataka kuona jambo moja kwanza, nalo ni kwamba shirika liliandikiwa na kupewa nafasi ya kujibu. Anayekwenda moja kwa moja TCAA bila barua hiyo ataelekezwa arudi kuiandika.

Aliyelipa kwa kadi ya Visa au Mastercard ana njia nyingine inayokwenda sambamba na hizo, nayo haitumiki vya kutosha. Anaweza kuiandikia benki yake akipinga malipo ya huduma ambayo hakupewa, nayo benki ikazidai fedha hizo kutoka upande wa shirika. Muda wa kufanya hivyo kwa kawaida ni siku 120 tangu siku ambayo safari ilitarajiwa kufanyika. Abiria anayezungushwa kati ya wakala na shirika kwa miezi mitano huupoteza muda huo bila kujua, na huenda ndiyo hasara kubwa ya uvumilivu wake. Kwa madai ya hasara chini ya Mkataba wa Montreal, ukomo ni miaka miwili tangu ndege ilipofika au ilipopaswa kufika. Shauri lisipofunguliwa ndani ya miaka hiyo, haki yenyewe huzimika, hata kama barua zilikuwa zinaendelea kuandikiana.

Fedha zinapofika, zilinganishwe na kiasi kilicholipwa. Tofauti huweza kutokana na kiwango cha kubadilisha fedha, makato ya benki, au shirika kukata ada ya kufuta tiketi. Ada hiyo humhusu abiria aliyejiondoa mwenyewe na haistahili kukatwa kwa safari iliyofutwa na shirika. Aliyekwisha kutumia safari ya kwenda na kurejeshewa nauli ya kurudi peke yake asitegemee nusu kamili, kwani vipande viwili vya tiketi moja mara nyingi huwa na bei tofauti. Ana haki ya kuomba mchanganuo wa hesabu hiyo kwa maandishi. Mchanganuo ukionesha makato yasiyoelezeka, barua ya pili hurudi kwa shirika ikiwa na namba ile ile ya kumbukumbu ya madai ya kwanza.